Kitovu cha Mwanamvua

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Na wewe unayenong'ona huko nyuma, nyamaza, maana hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bondeni walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, mama yake huzika kitovu, hupanda mkwaju juu yake, na mti ukikua huuchonga alama ya ukoo. Mtoto haonyeshwi mkwaju wake mpaka siku ya kupewa ufalme.

Basi mfalme akafa, wanyama wakamchagua Mwanamvua, binti wa Mama Kuro wa jamii ya swala. Ngedere, aliyeutamani ufalme, akakwea tawini akaimba:

"Kitovu chake kiko ng'ambo ya mto. Si mwenzetu, si mwenzetu, si mwenzetu!"

Asubuhi nyani wakauimba wimbo huo. Mchana wakauimba ngiri. Jioni hata vyura waliuimba, nao hawajui kitovu ni nini. Ikasemwa kwamba mzaliwa wa ng'ambo hatawali, tena hufukuzwa kabla jua halijazama. Nani aliiweka sheria hiyo? Hakuna aliyemjua, lakini kila mmoja aliapa kwamba ipo.

Mama Kuro hakula, hakunywa, hakulala. Mkwaju wa mwanawe kweli ulikuwa ng'ambo. Alimzaa mwaka wa gharika, kabla mto haujaacha njia yake ya zamani.

"Aliyehama ni mto, si mwanangu," akawaambia.

"Mama, mto una miguu?" akauliza Ngedere, na wote wakacheka.

Mama Kuro akawatazama kina mama wenzake waliokuwepo mwaka ule. Kila mmoja akainamisha kichwa.

Wakavuka mto kwenda kutazama. Mkwaju ulikuwepo, na alama ya kuro ilikuwepo. Jua lilikuwa linashuka.

"Mmeuona wenyewe," akasema Ngedere. "Afukuzwe."

"Niende wapi, mama?" akauliza Mwanamvua.

 Mama Kuro akamwendea mama yake Ngedere, akamwambia polepole, "Dada yangu, gharika ile ilitukuta sote na watoto wachanga. Mimi sitakutaja. Sema mwenyewe."

Mama Ngedere akalitazama jua, akamtazama mwanawe, akalitazama jua tena.  Kisha akaenda akaketi chini ya mkwaju wa jirani.

"Na huu ni wako, mwanangu," akasema.

Mama Ngiri akaketi chini ya mwingine. Mama Nyani naye akaketi. Bondeni nzima ikabaki imeduwaa, kwa kuwa kama ni kufukuzana, hakubaki hata mmoja wa kumfukuza mwenzake.

Mwanamvua akatawazwa palepale, jua likizama. Lakini mnadhani Ngedere alinyamaza? Kesho yake alikuwa tawini tena, akisema mikwaju yote ile imepandwa juzi kwa siri. Na wapo waliomwamini, mikwaju yenyewe ikiwa minene kushinda matumbo yao.

Mama Kuro hakupata tena usingizi wa raha. Kila mvua ikinyesha, hutoka nje akasimama gizani, akisikiliza mto unapita upande gani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiisikia ng'ambo, msiseme imezaliwa huko.