Darubini Iliyotiwa Lakiri

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko kazi za kuwatosha, katika mji wa Marashi aliishi mtu aitwaye Feruzi, fundi wa kusugua vioo. Kazi yake ilikuwa hivi: huchukua vipande viwili vya kioo vya duara, akakilaza kimoja juu ya kingine, katikati akatia mchanga na maji, kisha akasugua. Husugua asubuhi, husugua mchana, huku akilizunguka pipa lake, hata kile cha juu kikabonyea na kile cha chini kikafanya kitumbo. Hapo huacha mchanga mnene akashika mwembamba, akauacha mwembamba akashika unga wa kutu, akang'arisha mpaka kioo chenyewe kikawa kama hakipo. Na mtu wa kazi hiyo, ndugu yangu, usimtafutie fedha. Feruzi alikuwa na kanzu moja tu, na siku ya kufuliwa alishinda ndani.

Aliyemlisha ni mkewe, Bi Zamzamu, muuza vitumbua sokoni, mwanamke wa maneno machache lakini kila neno lina ncha. Feruzi alimpenda mke huyu kupita kiasi, na kumwogopa kidogo.

Sultani wa mji huo aliitwa Sarahani. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na pupa, na alikuwa na desturi mbili alizorithi kwa babu zake. Ya kwanza, mbele yake hapana kichwa kuwa juu ya kichwa chake: akiketi, watu huinama, akilala, watu hulala. Ya pili, kitu kikimpendeza hukitia lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua, akakipiga muhuri, na kilichopigwa muhuri huo hakifunguliwi na mtu ila yeye mwenyewe, naye tangu kuzaliwa kwake hakupata kufungua hata kimoja. Ukumbini palikuwa na mtungi wa asali alioupiga muhuri utotoni, na waliokuwa wakiila asali ile ni siafu peke yao.

Basi Sultani akasikia kwamba sultani jirani ana darubini, nayo humwonyesha mbuzi wa watu wengine kama wake. Akashikwa na wivu, akamwagiza Feruzi naye amtengenezee. Feruzi akasugua vioo viwili vyenye vitumbo, akavitia katika mwanzi wa shaba, kimoja huku na kimoja kule. Lakini fundi yeyote wa vioo anajua kwamba vioo viwili vya namna hiyo huleta kitu karibu kikiwa kimepinduka, na dawa yake ni kioo cha tatu cha kukaa katikati, kikipindue tena kirudi kama kilivyokuwa. Kioo hicho cha tatu kilikuwa bado kina mikwaruzo. Feruzi alikuwa angali anakisugua siku askari walipokuja wakamchukua yeye na darubini yake, mikono ikimchuruzika maji ya mchanga.

Alipofika barazani alianza kusema kwamba kuna kioo kimoja bado. Alikuwa amefika kwenye neno "kuna" Sultani alipoiona shaba ile inavyong'aa, ikampendeza, akaidondoshea lakiri huku na huku na kuipiga muhuri. Feruzi akafunga mdomo. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Sultani akapanda roshani inayotazama soko, akaitia darubini jichoni kwa upande mpana, akaona soko lote limekuwa dogo na kwenda mbali, dogo la kuenea katika kijiko, hata asitambue kichwa wala miguu ya mtu. Akaanza kukunja uso. Feruzi, kwa adabu, akamgeuzia. Sasa soko likaja karibu, na Sultani akageuka rangi, kwani watu wote wa Marashi, wauza samaki, wachukuzi, na mashekhe wawili, walikuwa wamesimama kichwa chini, miguu juu, nyayo zao zikielekea mbinguni.

Akaiondoa darubini akatazama kwa macho matupu: watu wamesimama vizuri. Akairudisha: miguu juu. Akafanya hivyo mara tano. Kisha akamwita Waziri wake, Mafudhi, akamwambia kwamba watu wake ni wanafiki wakubwa, maana akiwatazama waziwazi wanasimama kwa heshima, na akiwachungulia wanamwinulia nyayo.

Waziri Mafudhi alikuwa mtu wa kukubali. Alikubali.

Ikawa amri ikapigiwa mbiu papo hapo: yeyote atakayeonekana katika mji wa Marashi kichwa chini miguu juu, na akamatwe, akafungwe mpaka aeleze kwa nini. Sultani akawa anachungulia na kunyoosha kidole, na Akida Mbaruku, mkuu wa askari, anateremka mbio na watu wake. Kila walipofika walimkuta mtuhumiwa kasimama wima. Akida akarudi kumweleza Sultani kwamba watu hawa ni wepesi ajabu, hata uwakimbilie vipi wanawahi kusimama. Kufikia adhuhuri walikuwa wamekamata watu kumi na sita, gereza likajaa, na wanawake wakapelekwa katika banda la mabata bukini wa Sultani. Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Zamzamu, ungo wake wa vitumbua kichwani.

Feruzi akaanguka miguuni pa Sultani. Akaeleza kwamba watu hawana kosa, kosa ni la kioo, na akiruhusiwa kufungua mwanzi atalirekebisha.

"Ewe Feruzi," Sultani akasema, "kioo hakina miguu, kitawezaje kuinua ya watu? Lakini mimi ni mtu wa haki. Nakupa siku tatu. Nionyeshe watu wangu wamesimama wima ndani ya darubini hii hii, muhuri usivunjwe, kioo kisiongezwe wala kisipunguzwe. Ukiweza, watatoka wote. Usipoweza, watahamishwa mji, wavushwe mto na wasirudi tena. Wewe utabaki hapa unisugulie vioo."

"Na mke wangu, Maulana?"

"Mkeo nimemwona kwa jicho langu. Na kitumbua mkononi."

Feruzi akarudi nyumbani. Nyumba bila Zamzamu ilikuwa kimya mno, na jikoni hapakuwa na moto. Akakaa kwenye kigoda akafikiri. Na kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, ikachukua kile kioo cha tatu ikaanza kukisugua, ingawa kioo kile kwa sasa kilikuwa hakina faida yoyote, maana mahali pake palikuwa ndani ya muhuri. Siku ya kwanza ikapita hivyo.

Siku ya pili, jioni, akaenda bandani kumtazama mkewe. Banda lilikuwa la miti, na palikuwa na tundu chini la mabata kutokea. Bi Zamzamu akamwuliza kutoka ndani kama amepata njia. Feruzi akasema bado. Bi Zamzamu akasema vizuri, yeye hana neno, mabata bukini ni majirani wazuri, wanapiga kelele lakini hawakopi vitumbua. Sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni, na Feruzi akaisikia, na machozi yakamlenga.

Hapo akahisi kitu kimemvuta kanzu kwa nyuma. Akadhani ni askari. Akavuta, naye akavutwa. Akainama achungulie katikati ya miguu yake ni nani, akakutana na bata bukini dume, mkubwa, kaning'inia angani kichwa chini, mdomoni kashika kanzu. Nyuma ya bata yule askari wa zamu alikuwa akitembea kwa miguu juu ya mawingu. Na juu kabisa, mahali pa mbingu, palikuwa na ardhi.

Feruzi akabaki vile vile ameinama, kwa muda mrefu, hata mkewe akauliza kama ameshikwa na kiuno.

"Mke wangu," akasema akiwa huko huko chini, "kile kitanda chetu cha kamba bado kina nguvu?"

"Kimekuchukua wewe na uvivu wako miaka kumi na miwili. Kina nguvu."

Siku ya tatu asubuhi Feruzi akabeba kitanda kichwani na kamba mbili begani. Lakini kwanza akapita sokoni, akamsalimu Akida Mbaruku, akamwuliza kama ile amri ya miguu juu ingalipo. Akida akajibu ingalipo. Feruzi akauliza je, ikiwa anayeonekana ni mtu mkubwa, mwenye mali na joho? Akida akakasirika, akasema amri ya Sultani haikutaja mkubwa wala mdogo, na yeye hajapata kuongeza neno lake katika neno la bwana wake. Feruzi akamshukuru sana, akaenda zake.

Roshani ilikuwa imejaa watu: Waziri, kadhi, makarani, wote wameinama kwa kuwa Sultani ameketi. Feruzi akaweka kitanda mbele ya ukingo, upande wa kichwani ukielekea soko, akafunga kamba upande wa miguuni, akazipitisha juu ya boriti, akasema, "Maulana, muhuri ni mzima, na vioo ni vile vile viwili. Kilichokosekana ni kiti chake tu. Tafadhali ulale hapa."

Sultani akalala. Na alipolala yeye, wote wakalala. Feruzi akamfunga miguu kwenye kitanda kwa shali laini, akampa darubini mkononi, naye mwenyewe akajilaza chini akaanza kuvuta kamba. Miguu ya Sultani ikapanda. Kichwa chake kikashuka. Na kwa kuwa hapana kichwa kuwa juu ya kichwa chake, wakubwa wa mji wakajibana sakafuni, mashavu kwenye zulia. Waziri Mafudhi, aliyekuwa na kilemba kirefu, alikunjua pembe ya zulia akaingia chini yake.

Sultani akatia jicho.

"Wamesimama," akasema.

Akafurahi kama mtoto. Akaona muuza samaki anajikuna, akaona mashekhe wawili wanagombania kivuli, akaona mchukuzi anakula ndizi ya mtu, na wote walikuwa wima, vichwa juu na miguu chini, kama alivyowaumba Mungu. Akasema, "Vuta tena, Feruzi, nione na ng'ambo." Feruzi akavuta tena. Kitanda kikasimama wima, na joho la Sultani, kwa kufuata uzito wake, likateremka lote likamfunika kichwa. Iliyobaki hadharani ilikuwa miguu miwili juu ya roshani, na suruali ya ndani yenye kiraka cha kijani, ambayo hapakuwa na mtu mjini aliyepata kuiona ila dobi.

Kule chini sokoni, Akida Mbaruku akainua macho. Akaona alichokiona, akapiga firimbi.

Walipanda ngazi kwa kishindo, watu sita. Safari hii walimkuta mhalifu hajawahi kusimama, na Akida aliona fahari kubwa. Wakamfungua wakamtwaa juu kwa juu, na joho lake lile lile wakalifunga fundo. Ndani ya joho ilitoka sauti ya ghadhabu iliyosema kwamba yeye ni Sultani. Akida akasema kila mmoja huwa na la kusema. Wakubwa waliokuwa sakafuni walisikia yote, ila hawakuthubutu kuinua kichwa, maana hawakujua kichwa cha Sultani kiko wapi kwa sasa.

Wakamtupa bandani. Gereza, kama tulivyosema, lilikuwa limejaa.

Bi Zamzamu akamfungua fundo, kwa huruma tu, bila kumtazama usoni, akamwuliza, "Na wewe maskini, ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nikitazama watu," Sultani akasema, akitema unyoya.

"Sisi tulikuwa tumesimama. Wanasema tulikuwa miguu juu. Wewe je?"

Sultani akafungua mdomo ajibu kwamba miguu yake kweli ilikuwa juu, ila palikuwa na sababu, na mtu akimsikiliza ataelewa. Akaufunga. Akawatazama wale wanawake waliolala siku tatu kwenye kinyesi cha mabata, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kueleza, kwa kuwa hawakuwa wamefanya lolote. Akaona haya, haya ya kweli, iliyomshika masikioni. Kisha akakumbuka kiraka cha kijani, na Waziri wake chini ya zulia, kicheko kikamtoka. Akacheka hata mabata bukini wakajibu. Ndipo wanawake wakamtambua, nao wakaanguka kifudifudi, na Akida Mbaruku nje ya mlango akakaa chini mahali alipokuwa.

Feruzi alipofika, Sultani akamwuliza kama alikusudia. Feruzi akasema yeye alivuta kamba kama alivyoamriwa, tena mara mbili. Sultani akacheka upya. Akaamuru watu wote kumi na sita watolewe, na kila mmoja apewe kitambaa cha hariri na bata bukini mmoja. Kisha akaichukua darubini, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake akavunja lakiri yake kwa mkono wake. Feruzi akatoa mfukoni kile kioo cha tatu, kisicho na mkwaruzo hata mmoja, akakipachika katikati. Sultani akatazama akiwa ameketi kitako kama mtu yeyote, na mji wake ulikuwa wima. Tangu siku ile fundi yeyote aliyeingia barazani aliulizwa kwanza kama amemaliza, na mtungi wa asali ukafunguliwa, ingawa siafu walikuwa wamemaliza zamani.

Feruzi na Bi Zamzamu wakarudi nyumbani, kitanda kichwani, bata nyuma. Feruzi alikuwa na furaha ya kuruka. Njiani mkewe akamwuliza kile kitanda na kamba vilimchukua muda gani kuvitengeneza.

"Nusu asubuhi," Feruzi akasema.

"Na zile siku nyingine, mimi nikiwa bandani?"

Feruzi akajikohoza. Akasema alikuwa akifikiri. Mkewe akangoja. Akasema basi, na kile kioo nacho kilikuwa na mkwaruzo mmoja, mdogo, pembeni, na mtu hawezi kuuacha hivi hivi.

Bi Zamzamu akatangulia mbele. Walipofika nyumbani akaingia ndani, akatoka na darubini moja mbovu, ya vioo viwili, ambayo Feruzi aliifanyia majaribio kabla ya ile ya Sultani. Akaitia jichoni kwa upande mpana, akamwelekea mumewe. Akamwona mdogo kama sisimizi, yuko mbali, na kichwa chini miguu juu.

"Feruzi," akasema, "leo ndiyo nimekuona sawasawa."