Mapaa Mawili, Moshi Mmoja

Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sisimami.

Hapo zamani, huko milimani Upare, kulikuwa na bonde lenye miteremko miwili inayotazamana, na mto ukipita katikati. Vijana wa bonde hilo waliteremka tambarare kutafuta maisha, mmoja baada ya mwingine, wakabaki wazee. Wazee na migomba. Wazee na mbuzi. Wazee na magoti yao.

Ikatokea mzee mmoja akafa peke yake nyumbani kwake, na hakuna aliyejua mpaka mbwa wake alipoanza kulia. Wenzake wakamzika kwa aibu. Pale makaburini Mzee Mjema, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, akasema, "Jambo hili lisitokee tena. Tuunde chama."

Wakaunda chama, wakakiita Tutazamane. Sharti lake lilikuwa jepesi. Kila mwanachama awashe moto jikoni kabla jua halijagusa mwamba wa juu, ili moshi utoke paani. Na kila mwanachama apewe mwenzake wa ng'ambo wa kumtazama. Ukiuona moshi wa mwenzako, mzima huyo, kanywe chai yako. Usipouona, piga baragumu, chama chote kije na machela. Ada ilikuwa mzigo wa kuni kila msimu, unaupeleka kwenye banda la chama, uwafae wagonjwa. Ukipiga baragumu bure, unaleta mzigo wa pili. Na asiyetoa kuni, hatazamwi. Ndivyo walivyokubaliana, sikutunga mimi, msinikunjie uso.

Basi kwenye mteremko wa mawio waliishi wajane wawili, paa la huyu karibu liguse paa la yule. Mmoja aliitwa Nakijwa, mwingine Namsifu. Bibi Nakijwa alikuwa mwanachama tangu siku ya kwanza. Kila msimu alibeba mzigo wake kichwani, na kila msimu alisimama mlangoni kwa mwenzake.

"Namsifu, jiunge."

"Nijiunge nipate nini?"

"Utazamwe."

"Kuni za kupikia zenyewe sina, nipeleke kuni za kutazamwa? Mimi nina wewe, wewe una mimi. Ujirani hauna ada."

"Siku moja mimi sitatosha, Namsifu."

"Ikifika siku hiyo, uje uniambie."

Hapo walikuwa wakicheka, Nakijwa akautua mzigo, wakanywa chai ya tangawizi. Walipendana hao, tena sana. Walibishana jambo hilo kila msimu kama watu wanaokumbushana wimbo.

Aliyepewa kazi ya kumtazama Nakijwa alikuwa Mzee Kajiru, aliyekaa ng'ambo ya mto. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Mwaka uliotangulia hakuuona moshi wa Nakijwa, akapiga baragumu kwa pumzi zake zote. Wazee wakaja wanahema, matope mpaka magotini, wakakuta mlango umefungwa. Nakijwa alikuwa amelala ukweni, matangani. Walimcheka Kajiru mpaka wakachoka, kisha akaleta mzigo wa pili. Tangu siku hiyo baragumu lilikuwa zito mkononi mwake.

Ikaja baridi, ile ya manyunyu inayoingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi moja Bibi Nakijwa akaamka na kichomi. Akivuta pumzi, kifua kinachoma. Akitaka kuinuka, miguu inakataa. Akalala pale akingoja, maana alijua: moto haujawashwa, moshi hautaonekana, Kajiru atapiga baragumu, wenzake watakuja.

Kabla jua halijagusa mwamba, Namsifu akaingia kuomba kaa la moto. Akamkuta mwenzake amejikunja.

"Dada Nakijwa! Una nini?"

"Kifua."

Namsifu hakuwa mtu wa kushika tama. Akawasha moto. Akakoroga uji. Akamsugua kifua kwa mafuta, akampashia mawe moto ya kuweka miguuni. Na moshi ukatoka paani, mzuri, ukapanda.

Kule ng'ambo Mzee Kajiru akautazama. "Mzima huyo," akasema, akanywa chai yake.

Mmeona? Mmeanza kuguna. Subirini kwanza.

Siku ya pili Namsifu alikuwa hajarudi kwake ila kuchukua kuni. Alichukua kidogo, akachukua tena, mpaka uchaga wake ukabaki mtupu. Nakijwa akamwambia kwa sauti iliyokatika, "Waite chama."

"Mto umejaa, dada. Nikienda, nani atakushika? Tena ni baridi tu hii. Kesho utaamka."

Alisema kweli, lakini nusu ya kweli. Nusu nyingine ilikuwa aibu. Asimame mbele ya Mzee Mjema, aambiwe, "Leo ndiyo umetukumbuka?" Ni nani hapa angependa kuambiwa hivyo? Mimi nisingependa.

Siku hiyo Kajiru akauona moshi asubuhi. "Mzima huyo." Akauona tena mchana. Akauona jioni. Akajikuna kichwa. Bonde zima lilijua ubahili wa Nakijwa kwa kuni: anawasha, anapika, anavuta vijinga, anazima. Leo moto wa kutwa unatoka wapi? Akalishika baragumu. Akakumbuka kile kicheko. "Sharti linasema moshi usipoonekana," akajiambia. "Halisemi lolote juu ya moshi mwingi." Akalirudisha ukutani.

Jioni hiyohiyo Nakijwa akamshika Namsifu upindo wa kanga.

"Zima moto."

"Unasemaje?"

"Zima moto, Namsifu. Uzime."

Machozi yakamtoka Namsifu. "Maskini dada yangu, homa imempanda kichwani! Baridi yote hii, nikuzimie moto?" Akatia kuni nyingine mbili, akavua shuka lake alilojifunika, akamwongezea mgonjwa.

Sikilizeni vizuri hapo. Nakijwa hakuwa anaweweseka. Akili yake ilikuwa timamu. Alitaka moshi ukatike ili wenzake waje. Lakini pumzi ya kueleza hakuwa nayo, na kila kuni iliyoingia mafigani ilisema ng'ambo kwamba yeye ni mzima. Roho inaniuma ninapofika hapa, hata nikisimulia mara ngapi.

Siku ya tatu moshi ukatoka kabla hata jogoo wa mwisho hajawika, mnene, mweusi. Kajiru akasimama akiutazama muda mrefu. Kisha akasema, "Na wanicheke." Akapiga baragumu.

Chama kikaja. Mwenye kiuno kibovu akaja, mwenye jicho moja akaja. Walipoona hali ya Nakijwa hawakuuliza swali, wakamweka kwenye machela. Mzee Mjema akashika mbele, mahali pazito. Kwenye kivuko cha mto mguu wake ukateleza, goti likapiga jiwe mpaka wote wakasikia. Machela hakuiachia. Alipanda mlima kwa goti hilo mpaka zahanati, na tangu siku hiyo hakutembea tena bila mkongojo.

Muuguzi akampokea mgonjwa, akamtibu, kisha akatoka nje. "Mngechelewa mpaka jioni," akasema, "mngeniletea maiti." Wanachama wakaitikia kwa kichwa. "Na aliyempa joto na uji asingekuwepo, mngeniletea maiti jana." Wote wakamgeukia Namsifu, aliyekuwa amekaa pembeni bila shuka, anatetemeka.

Nakijwa akapona, polepole. Aliporudi nyumbani akakuta ng'ombe wake amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Katika bonde lile ndama jike si mchezo. Ni maziwa, ni mbolea ya migomba, ni heshima. Nakijwa akamfunga ndama kamba, akawaita watu uani kwake.

"Mimi sina kingine," akasema. "Ndama huyu ni wa aliyenirudishia pumzi. Nami sijui ni nani. Semeni wenyewe."

Mzee Mjema akaegemea mkongojo. "Ndama ni wa chama. Nakijwa, kwa miaka mingi umetuletea kuni, na siku ulipoanguka tukakubeba. Nani mwingine angekubeba? Mtu mmoja habebi machela. Wengine wanasema chama hakina faida. Faida ndiyo hii, imesimama mbele yenu inapumua. Na wapo wenzetu wasio na meno, maziwa ya ndama huyu ndiyo yatakuwa chakula chao. Goti langu silitaji."

Alikuwa amelitaja tayari, lakini tumsamehe, liliuma.

Bibi Namsifu akasimama. "Ndama ni wangu. Mimi si mwanachama, na kuni zangu sikuzipeleka bandani. Niliziunguza zote jikoni kwa Nakijwa. Baragumu halikuniita, niliingia mwenyewe. Nilimnywesha uji kijiko kwa kijiko. Bila uji wangu, mngembeba nani?"

Mzee Kajiru akabaki amekaa. Wakamsukuma, akasema akitazama chini, "Mimi ndiye niliyeona. Hakuna aliyejua ng'ambo ile ila mimi, na nilipiga baragumu bila sharti kuniruhusu. Lakini nilishuku siku moja kabla. Niliogopa kuchekwa. Kwa hiyo sijui kama mnidai au niwadai."

Hapo Nakijwa akawaeleza lile neno la jikoni. "Nilimwambia Namsifu azime moto," akasema. "Nilitaka moshi ukatike mje."

Mzee Mjema akagonga mkongojo chini. "Mmesikia! Angekuwa mwanachama angeelewa mara moja. Mwanachama yeyote angeuzima ule moto!"

Namsifu akakaa chini. "Ulikuwa unanielekeza namna ya kukuokoa," akamwambia Nakijwa, "na mimi nikakuongezea kuni." Akalia. Nakijwa akamshika bega, naye akalia, na ndama akawa anawanusa.

Kisha Namsifu akajifuta uso kwa kanga, akainuka.

"Mzee Kajiru, nakuuliza. Ukikaa pale kwako, unaona paa la Nakijwa peke yake?"

"Hapana. Naona na lako. Yanaonekana pamoja."

"Siku zile, paa langu lilitoa moshi?"

Kajiru akatikisa kichwa. "Halikutoa."

"Uliona kwamba halitoi?"

"Niliona."

"Ukafikiri nini?"

"Sikufikiri kitu, Bibi Namsifu." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Hukuwa wa kutazamwa."

Kila mmoja aliliona jambo lenyewe bila kuambiwa. Mapaa mawili yaliyosogeleana, moja linafuka kutwa, lingine halina hata uzi wa moshi. Angetokea mtu mmoja tu wa kuuliza, "Namsifu yuko wapi?" baragumu lingelia siku ya kwanza. Nakijwa asingefika mlangoni mwa kaburi, na Mzee Mjema angekuwa na magoti yake yote mawili.

Mzee Mjema akasema, safari hii bila kuamrisha, "Bibi, usituone wabaya. Tukimtazama kila mtu, nani ataleta kuni? Na kuni zisipokuja, bandani patakuwa na nini siku mgonjwa akilala? Sharti likivunjika, na chama kimekufa. Jiunge, tukutazame. Ni mzigo mmoja tu."

"Mzigo mmoja," akasema Namsifu. "Nitautoa wapi msimu huu, Mzee Mjema? Kuni zangu zimekwisha kwa mwanachama wenu."



Wote wakamgeukia Nakijwa. Alikuwa amesimama katikati na kamba mkononi, huku chama kilichombeba, huku jirani aliyemlisha, na pale chini Mzee Kajiru akiokota majani. Ndama alikuwa na njaa, anavuta kuelekea kwa mama yake. Lazima kamba apewe mtu.

Hapo ndipo hadithi hii iliponifikia, na hapo ndipo ninapoiachia mikononi mwenu. Msinitazame mimi, mimi nimekwisha kubishana na nafsi yangu na bado hatusemezani. Ndama yule alimstahili nani? Waliombeba mpaka zahanati? Aliyemlisha na kumpa joto, na moshi wake ukamficha? Au aliyeuona moshi akachelewa, kisha akathubutu? Na mkishamaliza hilo, mnijibu na hili: Bibi Namsifu, aliyechoma kuni zake zote jikoni kwa mwanachama, je, ada yake alikuwa ameilipa, au alikuwa bado hajailipa?