Mwalimu Asiyemgusa Farasi

Zamani, wanyama walipokuwa wakisema na hata kuajiriana, jua lilikausha kila bwawa la porini. Maji yakabaki mtoni tu, mwendo wa nusu siku. Wote wakaenda kwa miguu, isipokuwa Simba. Mfalme apigwe vumbi pamoja na nguruwe? Haiwezekani!

Ndipo akatokea Farasi, kapotea akitafuta majani. Simba akamtazama juu mpaka chini.

"Afunzwe siku saba," akasema. "Akipandika, atanipeleka mtoni. Asipopandika, tutamla."

Nafasi ya mwalimu ikatangazwa. Sungura, msomi aliyekaa kijiweni miaka minne na cheti chake, akafika wa kwanza kwenye intavyuu.

"Una uzoefu wa miaka kumi wa kufunza farasi?" akauliza Simba.

"Mkuu, farasi wa kwanza kaingia pori hili jana."

"Kwa hiyo huna. Next!"

Next alikuwa Fisi, shemeji yake Simba. Yeye miaka kumi alikuwa nayo. Usiniulize aliipata wapi.

Siku ya kwanza Fisi alimfunga Farasi kwenye kisiki, akampima mapaja kwa macho, akameza mate, akalala. Jioni akapeleka ripoti: "Progress nzuri sana, Mkuu. Everything under control." Simba akamtupia mbavu za swala. Siku ya pili vivyo hivyo. Kwa nini afunze? Ripoti inamlisha leo, na Farasi akifeli atamlisha kesho.

Farasi akamwita Sungura. "Kaka, huyu mwalimu ananitazama kama mchuzi. Nisaidie, nitakufa."

"Mimi sina uzoefu," Sungura akasema kwa uchungu. Lakini akafungua kamba.

Kila mchana, Fisi akikoroma, Sungura alifundisha. Hakupanda kwanza. Alianzia chini: akatembea na Farasi bega kwa bega, akasimama, Farasi akasimama. Akamrudisha nyuma hatua tatu. Akamzungusha duara kwa kamba ndefu, kulia, kisha kushoto, mpaka masikio ya Farasi yakatulia. Siku ya tano ndipo akaruka mgongoni.

"Nikikubana mbavu kwa miguu, nenda. Nikibana zaidi, ongeza mwendo. Nikilegeza, simama. Umeshika?"

"Nimeshika, kaka."

Wakimaliza, Sungura anamrudisha kwenye kisiki, na mwalimu anaendelea kukoroma.

Siku ya saba pori zima likakusanyika. Fisi akajitokeza, uso wa msiba.

"Mkuu, nasikitika. Mnyama huyu hafundishiki. Tuanze na paja?"

"Mbona ripoti zako sita zinasema anaendelea vizuri?"

"Theory, Mkuu, anaiweza. Practical ndiyo shida."

"Basi panda wewe, tuone anavyokataa."

Fisi akapanda huku akicheka moyoni. Atatupwa, ataguna kidogo, kisha nyama. Farasi akatulia tuli kama ukuta. Lakini miguu ya nyuma ya Fisi ni mifupi, akaanza kuteleza. Akabana mbavu. Farasi akaenda. Fisi akaogopa, akabana zaidi. Farasi akatoka shoti!

"Shemeji wa mfalme, legeza miguu!" Sungura akapiga kelele.

"Wallahi nitaanguka!" Fisi akalia, akabana kwa nguvu zake zote.

Wakazunguka uwanja mara nne, Fisi akipiga yowe, wanyama wakishika mbavu kwa kicheko. Mara ya tano akang'oka, akatua katikati ya miiba. Farasi, alipoona mgongo mtupu, akapunguza mwendo, akaja kusimama mbele ya Sungura.

"Mbona anapandika vizuri hivi!" Simba akasema. "Haliwi. Nani kamfunza?"

"Sungura," Farasi akajibu.

"Yule asiye na uzoefu?"

"Huyo huyo, Mkuu."

Simba akakohoa kidogo. "Haya, nami nataka kupanda. Sasa hivi."

"Mkuu, somo la kwanza ni chini," Sungura akasema, akamkabidhi kamba. "Mtembee bega kwa bega. Mpaka mtoni patatosha."

Mfalme akashika kamba, akapiga mguu nusu siku. Nyuma yao Fisi alibaki akichomoa miiba, kazi yake imefutwa with immediate effect.

Basi wewe unayeandika ripoti za kazi usiyoifanya, omba tu usije siku moja ukaambiwa uipande mwenyewe.