Kanga ya Mama na Bawa la Korongo

Haya, sogeeni. Mwenye kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna cha kuchekea.

Palikuwa na Siwema na kaka yake Ngwali, waliokaa kutwa shambani kuamia ndege wasile mpunga wa mama yao. Siku moja, kwa mchezo tu, walimpiga korongo jiwe kwa kombeo, wakamvunja bawa. Damu ikawatisha. Wakambeba hadi nyumbani.

"Tumemwokoa, mama."

Mama akachana kanga yake, akalifunga bawa, akawasifia kwa majirani, akawapikia wali wa nazi. Walipoanza kula, korongo akasema kama mtu:

"Nani kanivunja?"

"Mwewe," akajibu Ngwali.

Ka, bawa likavunjika upya. Mama akaamini, akachana kanga, akafunga, akawaongezea wali.

"Nani kanivunja?"

"Paka," akajibu Siwema.

Ka. Mama akaamini, akachana, akafunga, akawaongezea kitoweo chake mwenyewe.

"Nani kanivunja?"

Wakarudisha matonge sahanini, wakasema pamoja: "Ni sisi. Kwa kombeo."

Bawa likaungana papo hapo. Mama hakuwagombeza. Aliokota kitambaa kilichobaki cha kanga yake, akaenda zake jikoni.

"Mama," korongo akamwita, "kwa kanga yako, hakuna ndege atakayegusa mpunga wako." Akaruka.

Kweli, hakutua hata mmoja. Ghala likajaa, majirani wakaja kuwapongeza watoto kwa kulilinda shamba vizuri. Mama akawatazama wanawe.

Ngano yangu inakaa hapo. Naona waliokuwa wanacheka wanatazama miguu yao.