Triga ya Kilo Mbili

Ndugu zangu, mtu nitakayewasimulia habari zake leo alikuwa mwangalifu. Shikeni hilo tangu mwanzo, maana tukifika mwisho mtataka kusema alikuwa mzembe, na hakuwa.

Alikuwa mfugaji, na shamba lake la ng'ombe lilipakana na pori. Simba walitoka porini wakachukua ndama. Mwaka wa kwanza walichukua wanne, mwaka wa pili tisa. Akaomba kibali cha bunduki serikalini. Akachunguzwa, akahojiwa, akazungushwa ofisi hii na ile, na mwishowe akaruhusiwa kumiliki bunduki moja ya kujipakia yenyewe, ile ambayo ukishafyatua risasi moja, nyingine inakaa tayari bila wewe kuvuta chochote. Mtu aliyekutana na simba hana nafasi ya kuvutavuta vyuma.

Alifurahi, lakini aliogopa pia. Alipokuwa na miaka minane, bunduki ya baba yake ilianguka kutoka ukutani ikajifyatua, risasi ikapita kwenye goti la mama yake. Mama hakufa. Ila alitembea akiburuta mguu mpaka siku alipozikwa, na yule mtoto alikua akisikia ndara moja ikikwaruza sakafu kila asubuhi. Kwa hiyo alijiapia kwamba bunduki yake haitamuumiza mtu wa nyumbani kwake. Simba, sawa. Mtu wake, kamwe.

Na watu wake walikuwa wawili tu, mke wake na binti yao wa miaka kumi na sita. Huyo binti ndiye aliyetunza ndama. Kila ndama alikuwa na jina, na akimwita kwa jina lake alikuja.

Mjini kulikuwa na fundi wa bunduki mwenye leseni, kijana kuliko huyu mfugaji, mwenye kibanda chembamba kilichojaa vyuma mpaka darini. Hakuuza bunduki iliyokwisha kuundwa. Mteja alichagua kipande kimoja kimoja, na yeye akaunganisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka bunduki."

"Wanaoingia hapa wote wanataka bunduki, mzee. Mikate ni duka la pili. Niambie, ya kumpiga nani, na unaishi na nani?"

"Ya kumpiga simba. Naishi na mke wangu na binti yangu."

Fundi akafungua daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Simba. Mke. Binti." Akapigia mstari maneno mawili ya mwisho. "Huyu wa kwanza ni kazi rahisi. Hawa wawili ndio watakaonifanya nikusumbue."

"Nisumbue," mfugaji akasema. "Nimekuja kusumbuliwa."

Basi wakaanza. Mfugaji alitaka mtutu mrefu, kwa sababu aliuona ni wa kiume. Fundi akamwuliza mlango wa nyumba yake una upana gani na korido inakata kona wapi. Mfugaji akarudi kwake kilomita arobaini, akapima kwa kamba, akaja tena na kamba yake imefungwa mafundo mawili. Mtutu mrefu ungegonga fremu ya mlango kila akitoka. Akachukua mfupi.

Kitako, sehemu ya kuegemeza begani, kilimchukua mwezi. Alijaribu cha plastiki, akajaribu cha mninga, akavaa koti la baridi na kulivua, akaegemeza shavu pale na kuliondoa. Akachagua cha mninga kwa sababu hakikuteleza kwenye mkono wenye jasho.

Alipofika kwenye magazini, kile kisanduku cha kukalia risasi, mkono wake ulienda kwenye kile kikubwa.

"Hao simba wako wana kikosi?" fundi akauliza. "Wanapiga gwaride?"

Mfugaji akacheka, akachukua cha risasi tano.

Nyumbani mke wake alikuwa amechoka kusikia habari za vyuma. Siku moja akiwa anachambua mchele alimwambia, "Baba Fulani, mimi ulinichagua Jumamosi, Jumatatu washenga wako wako kwetu. Chuma hiki sasa ni mwezi wa tano."

"Wewe hukuwa na hatari."

"Nani kakuambia?"

Binti akacheka mpaka akamwaga maziwa ya ndama. Baba naye akacheka. Nawaambia hili ili mjue kwamba nyumba ile ilikuwa na kicheko.

Kikabaki kipande cha mwisho, nacho kilikuwa triga, pale unapoweka kidole. Fundi akaweka mbili mezani. Ya kwanza mfugaji aliigusa tu, ikalia *ta*, laini kabisa. Akaipenda mno. Akaigusa tena na tena, akitabasamu kama mtu aliyeonja asali.

"Hiyo ni ya watu wa mashindano," fundi akasema. "Wanasimama uwanjani, mbele yao kuna ubao tu. Hebu tazama."

Akaifunga triga ile laini kwenye bunduki tupu, akaisimamisha, akaning'iniza pakiti moja ndogo ya chumvi kwa uzi kwenye triga. *Ta*. Chumvi tu ilitosha kuua. Kisha akafunga ile ya pili. Akaning'iniza pakiti ya sukari ya kilo moja. Kimya. Akaongeza nyingine. Zile kilo mbili zikaning'inia pale, zikazunguka polepole kwenye uzi, na triga haikusogea.

"Mimi sifungi triga kwenye bunduki ya mtu mwenye watoto mpaka ibebe kilo mbili za sukari," fundi akasema. "Mteja akikataa, namrudishia vyuma vyake aende."

"Lakini ni nzito. Simba akinijia?"

"Simba akikujia utaivuta, hata ingekuwa kilo kumi. Uzito huo si wa simba, mzee. Ni wa siku ile kidole kinataka na wewe hutaki. Hapo katikati unapata nafasi ya kuona ni nani aliye mbele yako."

Mfugaji alikumbuka ndara ikikwaruza sakafu. Akasema, "Funga hiyo."

Akaichukua bunduki yake. Akajenga kabati la chuma ukutani, akalifunga kwa boliti, ufunguo akauvaa shingoni. Risasi akaziweka chumba kingine. Ofisa aliyekuja kukagua alisema hajaona nyumba iliyojiandaa namna ile. Mfugaji akaona imempasa kumshukuru Mungu. Akachinja mbuzi, akaalika majirani, wazee wa kanisa na yule ofisa, wakakaa uani mchana wa Jumamosi.

Kazi zilikuwa nyingi. Akampigia binti yake kelele kutoka uani: "We mtoto, acha hayo, njoo unawishe wageni!" Binti akaacha ndama, akaja mbio, akanawisha wageni, akagawa chakula. Alipomaliza akarudi zizini.

Mfugaji alikuwa amesimama mbele ya wageni akiwaeleza habari ya kilo mbili za sukari. Alieleza vizuri. Alionyesha kwa mkono jinsi pakiti zilivyozunguka kwenye uzi, na wazee wakatikisa vichwa kwa kumstahi. "Kwangu mimi," alikuwa akisema, "hakuna mtu atakayeumia."

Hapo binti akatokea, anahema, miguu ina matope.

"Baba."

"Subiri, naongea."

"Baba, sikufunga komeo. Uliponiita nilikimbia, nikasahau. Shanga ametoka. Nimefuata nyayo mpaka vichakani, nimekuta damu. Simba ameshampata."

Shanga alikuwa ndama bora kuliko wote, wa kwanza wa mbegu mpya. Wageni wote walimtazama mfugaji. Na mfugaji, mbele ya wageni, akasema:

"Heri simba angekubeba wewe akaniachia ndama."

Ndugu zangu, najua kuna aliyekuwa akisubiri niseme kwamba bunduki ilimpiga binti. Wengine mlishaanza kumhurumia tangu kwenye mtutu. Bunduki haikumpiga mtu. Ilikuwa kabatini, imefungwa, ufunguo uko shingoni kwa mwenyewe, risasi ziko chumba kingine. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Mfugaji alisikia neno lake likiwa limeshafika. Akatafuta kucheka ili lionekane mzaha, na mzee mmoja akamsaidia kucheka kidogo. Binti hakulia. Alisema, "Sawa baba," akachukua beseni la maji, akaenda kuwanawisha wageni mikono, kwa sababu walikuwa wamemaliza kula. Alianza na yule ofisa, akamalizia na baba yake. Akammiminia maji taratibu kama ilivyo adabu, asimtazame.

Mwezi uliofuata aliomba kwenda kwa shangazi yake mjini. Huko alipata kazi ya kuuza maziwa. Mwaka ukapita, hakurudi hata kwa sikukuu. Baba yake hupiga simu kila Jumapili. Binti hupokea, husema, "Shikamoo baba," maana amelelewa vizuri. Baba husema, "Marahaba. Huko mvua imenyesha?" Binti husema, "Ongea na shangazi," na simu inahama mkono.

Mfugaji akapeleka bunduki kwa fundi kusafishwa. Fundi akaning'iniza tena zile kilo mbili, triga ikazibeba vilevile kama siku ya kwanza. Akaridhika. Akafungua daftari lake ukurasa ule ule.

"Imewahi kujifyatua?"

"Haijawahi."

"Imemuumiza mtu?"

"Hata ukucha."

"Simba?"

"Wawili."

"Mke?"

"Mzima."

"Binti?"

Mfugaji akatazama zile pakiti za sukari. Fundi akangoja, kalamu mkononi.

"Andika," mfugaji akasema, "andika yuko kwa shangazi yake."

Sasa sisi. Tusimcheke huyu bwana, maana wengi wetu hatujafika hata pale alipofika. Yeye alitumia miezi mitano kuchagua chuma kisichoumiza watu. Je, sisi ulimi tuliuchagulia nini? Ni nani kati yetu aliyewahi kuupima kwa chochote? Wengine tuna triga ya chumvi. Mtoto kaunguza wali, *ta*. Mke kachelewa sokoni, *ta*. Binti kafeli, binti kakosea, binti kasahau komeo kwa sababu sisi wenyewe tulimwita, *ta*. Kisha tunasema, "Ndivyo nilivyo, sina kinyongo, nikishasema yameisha." Kwetu yameisha. Je, umemwuliza yule ambaye risasi ilimpata kama kwake yameisha?

Na angalieni tunakotumia ule ulimi mwepesi. Kwa ofisa tunaongea kwa uzito. Kwa mwenye nyumba tuliyopanga tunapima kila neno. Bosi akitutukana tunameza. Kumbe tunaweza! Kilo mbili tunazo, tena zimejaa, ila tunazifungua tukifika kwetu, kwa wale ambao majina yao yamepigiwa mstari.

Fundi alisema uzito ule si wa simba. Yupo simba wa kukemewa, na siku yake ikifika mtamkemea, hakuna atakayewazuia. Uzito ni wa kutupa nafasi ya kuona ni nani amesimama mbele yetu, anahema, miguu ina matope, amekuja mwenyewe kusema ukweli. Yule binti angeweza kunyamaza na kusema hajui ndama alikokwenda. Alikuja akasema, "Sikufunga." Na kwa sababu alisema kweli, akapigwa.

Kwa hiyo leo, kila mmoja wetu ajipime. Ukifika nyumbani na ukakuta kilichovunjika, weka kwanza kilo mbili kwenye ulimi wako, utazame mtu, ndipo useme.

Na wewe ambaye risasi yako ilishatoka, labda mwaka jana, labda miaka kumi iliyopita, mimi najua unakaa hapa na unamkumbuka. Namba yake unayo. Yule mfugaji naye anayo. Jumapili hii atapiga tena, ataambiwa shikamoo, na atauliza kama mvua imenyesha.

Sisi tukipiga leo, tusiulize mvua.