Kidawa Aliyengoja Kuhesabiwa

"Hesabu watoto kabla ya mizigo."

Vijana waliokuwa wakipakia vyombo vya arusi kwenye gari walimsikia shangazi yao, Bi Zuhura, akiyasema maneno hayo, wakadhani anawatania, maana gari zima halikuwa na mtoto hata mmoja. Walipotaka kujua usemi huo umetoka wapi, aliketi juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa, akawaeleza bila haraka. Methali hii ilianza hivi.

Hoza Shekiondo alikuwa mtunza stoo katika shamba moja la mkonge nje ya mji wa Tanga. Kwao hasa kulikuwa Usambara, juu milimani, mwendo wa saa nzima na zaidi ukishaupita mji wa Lushoto. Alikuwa hajafika huko kwa miaka sita. Si kwamba alimsahau mama yake. Kila mwezi alimwandikia barua. Lakini aliapa moyoni kwamba siku atakayopanda mlima hatapanda mikono mitupu, na mshahara wa stoo haujazi mikono upesi. Akawa anapata kidogo kidogo: bati, blanketi, godoro, cherehani iliyotumika, madebe ya mafuta ya kula. Watoto nao wakawa wanazaliwa. Wa pili, msichana, alimpa jina la mama yake, Kidawa, na bibi akaandikiwa kwamba amepata somo, mwenye jina lake. Somo huyo alitimiza miaka minne bila wawili hao kuonana.

Mwaka huo, shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, Hoza aliazima pikapu ya rafiki yake. Mdogo wake Kaniki, aliyekuwa na gari dogo, akasema na yeye atakwenda pamoja na mkewe na watoto wake wawili. Wakaondoka alfajiri: magari mawili, watoto watano, na nyuma ya pikapu mizigo kumi na saba chini ya turubai. Hoza aliijua idadi yake kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi iliyomlisha, na kwa sababu kila mzigo ulikuwa na mwaka wake na taabu yake. Kila waliposimama, Korogwe, kisha Mombo, alizunguka nyuma, akainua turubai na kuigusa mmoja mmoja: moja, mbili, tatu. Kidawa alipenda kumwona baba yake akifanya hivyo. Alimfuata nyuma nyuma akitaja namba anazozijua na kuziruka asizozijua.

Baada ya Mombo barabara ilianza kupanda. Aliyewahi kuipita anaijua: upande mmoja jabali, upande mwingine bonde, na kona haziishi. Kidawa alitapika mara mbili mapajani mwa mama yake, Zaina, ambaye tayari alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Walipokwisha kuipita Lushoto, wakafika mahali panapoitwa Kona ya Tingatinga, kamba ya mizigo ikakatika. Ikabidi wasimame.

Pale palikuwa na wapakiaji wakijaza kabichi kwenye lori. Marundo ya kabichi yalipangwa kando ya barabara, marefu kupita kimo cha mtoto. Watoto wote walishuka kujinyoosha. Zaina alimfuta Kidawa uso kwa kanga, akamwambia, "Nenda ukapande kwa baba mdogo, ukae dirishani upate hewa." Kidawa akaitikia, akaenda. Zaina akamgeukia mchanga aliyekuwa akilia. Kaniki naye, alipoona watoto wake wameingia, alifunga milango, akapunga mkono, akatangulia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anaongezewa abiria.

Wakati huo Hoza alikuwa nyuma ya pikapu akifunga kamba mpya. Aliihofia cherehani isije ikalalia upande. Alipomaliza alihesabu mara moja, akarudia mara ya pili. Kumi na saba. Moyo ukatulia, akapanda, akawasha gari.

"Watoto tayari?" aliuliza.

"Kidawa yuko kwa Kaniki," Zaina alijibu.

Wakaondoka.

Walifika saa tisa. Mama yake Hoza alikuwa uani, amejifunga kanga mpya, amesimama hivyo tangu asubuhi. Kaniki alikwisha kufika na watoto wake walikuwa wakifukuza kuku. Hoza alipomkumbatia mama yake alishtuka kuona mabega yalivyopungua. Miaka sita ilikuwa imepita juu ya mabega yale. Akataka amwonyeshe vitu papo hapo, kama kwamba vingeweza kulipa.

"Mama, njoo uone nilichokuletea," alisema, ameshika ncha ya turubai.

"Nitaona, mwanangu. Kwanza nionyeshe somo yangu."

"Yumo na wenzake, wale pale."

Bibi alikwenda kwa watoto, akawashika mmoja mmoja na kuwauliza majina. Alirudi polepole. "Hoza, hawa ni wanne, pamoja na huyu wa mgongoni. Kidawa hayumo."

Zaina alimgeukia shemeji yake. "Kaniki, si alipanda kwako?"

"Kwangu? Mimi niliondoka na wangu wawili tu, shemeji."

Zaina alimfungua mtoto mchanga mgongoni. Bibi akampokea mikononi.

Hoza hakukumbuka jinsi alivyogeuza gari. Alichokumbuka ni kwamba Zaina aliruka ndani likiwa limeanza kutembea, na kwamba mizigo yote ilikuwa bado nyuma. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Kila kona aliyoizunguka aliona mtoto amelala barabarani, na kila mara ilikuwa jiwe, au kivuli, au hakuna kitu kabisa. Aliwaza malori yanayoshuka kwa kasi pale Tingatinga. Aliwaza bonde.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende," Zaina alisema. "Sikumtazama akiingia."

"Alikuwa karibu yangu," Hoza alisema. "Nilimsikia nyuma yangu anataja namba. Nilimsikia, Zaina, na sikugeuka."

Kwenye shimo moja pikapu iliruka, kikasikika kishindo.

"Kimeanguka kitu," alisema Zaina.

Hoza hakupunguza mwendo.

Saa kumi na nusu walifika Kona ya Tingatinga. Lori lilikuwa bado pale, limejaa, limefungwa kamba, na dereva wake akizunguka huku na huku kwa kukosa subira. Kwenye ngazi ya mlango alikuwa ameketi Kidawa, amevishwa koti la mpakiaji mmoja lililomfika miguuni, akitafuna hindi la kuchoma. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Mbele yake alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, mwenye kabichi zile, aliyejulikana kwa jina la Bi Mwanjaa.

Hoza alikimbia, lakini Bi Mwanjaa alinyoosha mkono kumzuia.

"Subiri kwanza, baba." Akainama kwa mtoto. "Huyu unamjua?"

"Ni baba," alisema Kidawa.

Mkono ukashuka. Zaina alikuwa wa kwanza kumfikia, akamkumbatia na koti lake na hindi lake. Hoza alipiga magoti kwenye tope. Mtoto alimtazama juu ya bega la mama yake, bila hasira.

"Nilikungoja unihesabu," alisema. "Hukunifikia."



Bi Mwanjaa alimweleza yaliyotokea. Mtoto alikuta milango ya gari la baba yake mdogo imekwisha kufungwa, akarudi kwa baba yake. Alipoona anahesabu, akakaa kando ya rundo la kabichi kungoja zamu yake, akiamini baba akimaliza vitu atafika kwake. Gari lilipoondoka akatoka mbio katikati ya barabara, na mpakiaji mmoja akamnyakua mbele ya lori lililokuwa likishuka. Tangu hapo Bi Mwanjaa alikataa lori lake liondoke. Dereva alimkumbusha kwamba wakichelewa sokoni Tanga, kabichi zitashuka bei. Akamjibu kwamba hajui mtoto huyu ni wa nani, ila anajua mwenyewe atarudi mahali alipomwacha, na akirudi lazima amkute mtu.

"Nikulipe nini, mama?" Hoza aliuliza.

"Unilipe nini, nawe umeshalipa njia nzima? Naona usoni mwako." Kisha akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mtu njia, "Mwanangu, mzigo ukiusahau hukaa hapo hapo ulipouacha. Mtoto huinuka akakutafuta, na barabara haimjui. Siku nyingine, hesabu watoto kabla ya mizigo."

Akapanda lori lake, likateremka ukungu ukilifunika.

Jua lilikuwa linatua waliporudi nyumbani. Bibi alimpokea somo yake mlangoni, wakatazamana kitambo, kisha mtoto akamwuliza kama ana uji. Mizigo ilishushwa na majirani. Mmoja ulikuwa umepungua, na Hoza, aliyekuwa na daftari la stoo kichwani, hakuuliza ni upi. Alikuwa ameketi jikoni akimtazama mwanawe anakunywa uji.

Wiki moja baadaye, siku ya kurudi Tanga, bibi alisimama kwenye mlango wa pikapu akamfanya mwanawe amguse kila mtoto kichwani na kumtaja jina. Kisha akayarudia maneno ya Bi Mwanjaa, ambayo alikuwa ameyasikia mara nyingi wiki ile. Kaniki aliyachukua akayapeleka kazini kwake. Wapakiaji wa Tingatinga nao wakawa wanamwambia kila dereva anayesimama na familia. Hivyo maneno yakatembea, na kadiri yalivyotembea watu wakaona si ya barabarani tu. Ndugu wakigombea shamba la marehemu huku yatima wake hawajala, watu husema hivyo hivyo. Mtu akijenga nyumba ya fahari na waliomo ndani hawasemezani, husema hivyo hivyo.

Bi Zuhura aliinuka, akaifuta sufuria aliyoikalia.

"Nanyi tangu asubuhi mmehesabu sufuria, mmehesabu viti, mmehesabu sahani, na mmegombana kwa sababu ya birika moja," alisema. "Dada yenu anaondoka kwao leo. Yuko chumbani peke yake, na sijaona hata mmoja wenu aliyekwenda kumwuliza yukoje."

Vijana walitazamana. Wa kwanza aliiacha kamba, akaenda, na wengine wakamfuata.

Hesabu watoto kabla ya mizigo.