Siri ya Kisima cha Shali

Tajiri Shali alikifunga kisima cha mji kwa kufuli, kwa kuwa kilikuwa uani mwake, na watu wakabaki kunywa maji ya chumvi. Bi Kidawa, msusi wa mikeka, akaenda kumsihi.

"Nitafungua," Shali akacheka, "ukiuleta mji mzima hapa mlangoni kabla ya alasiri. Lakini usipige ngoma, wala usiseme na zaidi ya watu wawili."

"Wawili wananitosha, bwana."

Kidawa akaenda sokoni, akawanong'oneza wanawake wawili, kisha akarudi kuketi barazani kwa Shali akisuka ukili wake.

Baada ya muda wakaja wale wawili na ndoo zao. Nyuma yao wakaja wanne.

"Kumbe mji wetu mdogo hivi, Bi Kidawa!" Shali akamtania.

Wakaja wanane, kisha kumi na sita. Shali akaingia ndani kunywa kahawa, roho yake imetulia. Kikombe hakijaisha akasikia kishindo. Alipotoka, uchochoro haupitiki; hata mwadhini alikuwamo, ndoo mkononi.

"Umesema na wangapi wewe?"

"Wawili tu, waulize."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba leo unatoa maji, ila wasimwambie mtu isipokuwa wawili wanaowaamini sana. Na kila atakayeambiwa, naye awaambie wawili wake."

Shali akautoa ufunguo, jasho likimtiririka. "Na wote wakakutii?"

"Niliwaambia ni siri, bwana. Isingekuwa siri, wangekuja wale wawili tu."